Gari Linajiendea

"Mteremkoni mafuta ya nini? Gari linajiendea," alisema mume wangu. Akaweka gia huru, akazima injini, akachomoa ufunguo.

Fundi wetu alikuwa amemwonya kwamba injini ikizimwa, breki huwa ngumu na usukani hujifunga. Yeye aliyaita maneno hayo porojo. Leo alitaka kumwonyesha mama yake, aliyekaa nyuma akifuma sweta.

Mwanzoni kulikuwa kutamu. Tulisikia upepo tu.

"Umeona, mama?"

"Nimeona, mwanangu. Sasa punguza kidogo."

Akakanyaga, breki ikashika. Akakanyaga tena. Tulipoikaribia kona, breki ikawa ngumu kama jiwe. Aliisukuma kwa miguu yote miwili, mgongo umebanwa kitini, akianza kukata kona. Usukani ukalia ka, ukakwama.

"Ufunguo uko wapi?"

"Mfukoni. Chukua."

Niliutoa kwenye shati lake lililoloa jasho, nikauchomeka. Haukuzunguka. Nilijaribu kwa mikono miwili, chuma kikanichana kidole.

Mume wangu akaiachia breki. Akanyoosha mkono, akauweka kifuani pangu kunizuia nisirushwe mbele.

"Mbona hukati kona?" mama mkwe aliuliza.