Huyu Hakuingia

Siku ya arobaini nilimbeba mjukuu wangu kumtoa nje. Shoga zangu wamejaa barazani, vigelegele mdomoni. Mlango ukagoma.

"Huyu hakuingia," ukasema. Kwa sheria ya chama cha wakazi, mlango humtoa aliyeingia tu, na huyu kazaliwa chumbani.

Nikampigia simu katibu wa chama.

"Hongera, bibi! Mlete mwenyewe ofisini tumsajili."

"Nimtoe wapi?"

"Si mlangoni, bibi!"

Shoga zangu wakacheka hadi machozi. Zuwena wa nyumba ya pili, ambaye hajawahi kutukaribisha hata kwa chai, hakucheka. Akasogea kwenye nondo za dirisha.

"Mnunulie vitabu mapema, shoga," akaninong'oneza. "Wangu ana miaka tisa. Namsomesha mwenyewe, humo humo ndani."