Miaka Kumi na Miwili Si Mingi

Siku ile mjinga nilikuwa mimi, sina wa kumsingizia. Kazi yangu ni kuzunguka shule za Rungwe na kipaza sauti, nikiwashawishi wanafunzi wasome sayansi. Sheria wanaijua: anayefuzu uhandisi huenda kufanya kazi Mwezini miaka kumi na miwili, bila likizo.

“Si mingi!” niliwatania siku ile. “Fundi wangu wa cherehani hunicheleweshea suruali zaidi ya hapo!”

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Mkono wa kwanza kunyooshwa ulikuwa wa binti yangu, Tumpale. Nikampigia makofi mwenyewe.

Sasa amefuzu, na barua ya safari imefika. Mama yake anapika ndizi chache, eti anajizoeza kupikia watu wawili. Mimi namkumbuka Tumpale naye yuko mbele yangu, akimenya ndizi hizo hizo na kuimba chini chini.

“Mwanangu,” nikamwambia, “hata ualimu ni kazi. Fundisha fizikia hapa hapa Tukuyu.”

“Baba, unanitania?”

“Leo sitanii. Miaka kumi na miwili ni mingi. Utarudi sina hata jino la kukuchekea.”

Akaweka kisu chini, akatazama dirishani. Jirani yetu, mama Lusajo, alikuwa anaanika shati la mwanawe. Hulifua kila Jumamosi, ingawa Lusajo yuko Mwezini mwaka wa nne sasa. Naye nilimpata kwa kipaza sauti changu.

“Yule pale kambani, baba. Nenda kamwambie yeye kwanza kwamba ni mingi.”