Kilometa Makumi Munane

Ghislain aliung'oa msumari kwa koleo, akamtilia Estelle mkononi. Ulikuwa wa nne tangu Pasaka, na yote minne ya namna moja: msumari wa mabati, mfupi, wenye kofia pana.

"Njo ileile," Estelle akasema. "Kila posho musumari, na kila posho kwado yuko karibu. Ajabu."

Kwado ni mziba mipira ya magari, na huyo kwado ndiye Ghislain, mwenye kibanda pale konani, hatua chache kutoka lupango la Papa Kabamba, yaani ua wa nyumba yake. Papa Kabamba, baba yake Estelle, alikuwa ameshatoa kiti cha pili nje.

"Kuja ukule kwanza," akamwambia bintiye. "Kazi ya mupira inakamata saa mbili."

Hizo saa mbili ndizo zilizokuwa zikimweka hai mzee wa watu. Estelle ni karani kwenye machimbo ya Kambove. Mume na watoto wako Lubumbashi. Kila siku ya posho, ndivyo Jumamosi inavyoitwa huku tangu kampuni ilipokuwa ikiwagawia wafanyakazi unga siku hiyo, anashuka kwenda kwake akipitia hapa Kikula. Husimama mbele ya lupango, hazimi hata injini. Humpitishia baba mfuko wa unga dirishani, hugeuza gari hapo hapo, huyoo. Posho imetoka, mzee arudi ndani.

Ila mpira ukipasuka, binti hukaa. Hula bukari, ndio ugali wa huku, na sombe ya majani ya mihogo, huuliza habari za mgongo, hukumbushia mabati ya kuezekea jiko yaliyoegemea ukuta tangu mama yake afariki. Siku moja alijinyoosha kwenye kitanda cha marehemu, akasinzia. Papa Kabamba alikaa mlangoni akifukuza kuku wasimwamshe.

Leo Estelle alikula huku akiwaza. "Papa, kule Lubumbashi banauzisha mipira ya kutembea bila upepo. Unakanyaga musumari, unaendelea tu. Nikamate ile ao ya kawaida?"

Kijiko cha mzee kilisimama hewani. Akamwita Ghislain aje aeleze, maana mwenye kazi ndiye ajuaye.

"Inatembea, Mama, sikatai," Ghislain akasema, akijipangusa mikono. "Lakini kilometa makumi munane tu, tena polepole. Ukipitisha, inaungua ndani, inachanika vipande. Na weye hausikie kintu, sababu inabaki ngumu vilevile. Motoka yako iko na taa ya kuonyesha upepo?"

"Ilikuwa nayo. Ilikufa."

"Basi utajuaje?"

"Kutoka hapa mpaka Lubumbashi kilometa ngapi?" Papa Kabamba akadakia. "Mia na makumi mbili. Unaona? Kamata ya kawaida, mwanangu. Inazibwa popote. Ile mingine itakuvunja mugongo bure." Alibishana kwa jasho zaidi kuliko alivyowahi kubishania pensheni yake, mpaka Estelle akacheka.

"Bon, Papa. Nitakamata ya kawaida."

Gari lilipokuwa tayari, Estelle alimgeukia Ghislain, na sasa hakucheka. Aliongea kwa sauti ili majirani wasikie. "Weye, nikikuta tena musumari mu hii njia, tutaonana kwa polisi. Minye najua nani anaipanda."

"Mama, siyo minye. Papa, weye unanijua."

Papa Kabamba alitazama viatu vyake.

Kufikia Jumatano majirani walikuwa wamekibomoa kile kibanda na kukichoma. Ghislain alikutana na mzee njiani akiwa amebeba pampu yake begani. Akamwamkia vizuri, kwa heshima zote, kama siku nyingine. Heri angemtukana.

Siku ya posho iliyofuata Papa Kabamba aliamka na jogoo. Akafagia mbele ya lupango, akabandika sombe, akanunua samaki wawili, naye si mtu wa kununua samaki wawili. Kwado wa karibu sasa ni yule wa sokoni, anayechelewa kila kitu. Huenda binti angekaa mpaka mangaribi.

Estelle alifika saa nne. Mfuko ukapita dirishani.

"Mugongo unaendelea namna gani, Papa?"

"Unaendelea. Mungu akulinde mu njia."

Gari likageuka pale palipofagiwa. Mzee akasimama na unga kifuani, akisikiliza. Gari likafika konani, likapita majivu ya kibanda, likapiga honi mara mbili, likaingia lami. Mlio wake ukafifia taratibu, usikatike.

Alikuwa bado amesimama pale simu ilipotikisika mfukoni. Estelle alikuwa ameandika akiwa peaji, penye kulipia barabara, akingoja kizuizi kifunguliwe.

"Papa, usikasirike. Nilikamata ile ya kutembea bila upepo. Sitaki tena kukupotezea saa zako na mipira yangu. Leo nakimbia sana, mujukuu wako Tina iko na fête ya komunio saa sita. Ninazima telefone, tutasema mangaribi."

Papa Kabamba aliisoma mara mbili. Kisha akauweka unga chini, akaenda nyuma ya mabati yaliyoegemea ukuta, akatoa kopo la maziwa alimofichia misumari, akarudi njiani na kupiga magoti.

Alfajiri, baada ya kufagia, alikuwa ametega sita. Alipapasa vumbi kwa vidole, akalichekecha, akalipapasa tena mpaka sombe ikaungua motoni. Akaokota mitano.