Jumamosi za Misungwi

Gauni la bluu halikuwemo kabatini, na gauni halina miguu. Wilhelmina alipekua kabati lote. Vitenge vyake vizuri navyo havikuwemo. Zilibaki kanga kuukuu na sketi moja ya kulimia.

Alipomuuliza mumewe, Mashimba alijibu bila kugeuka kwamba aliwapa watu, atamnunulia nyingine. Watu gani? Watu wa nyumbani, Misungwi. Kisha akachukua kofia yake akatoka.

Sasa jamani, mwanamume gani anagawa nguo za mke aliyelazwa tu hospitali?

Wilhelmina alikuwa mtunzi wa riwaya za mapenzi, zile zinazosomwa saluni mpaka nywele zinaungulia kwenye draya. Waume wasaliti alikuwa akiwaunda mwenyewe, na visingizio vyao vyote alivijua. Halafu figo zikamgomea. Alilala wodini mjini miezi kadhaa, na siku nyingine hata jina lake hakulijua. Siku fahamu ziliporudi, aliliona ziwa kupitia dirishani, likimeta kwa jua, akalia kwa furaha. Akamwahidi Mungu kwamba akitoka mzima hatamfikiria mtu vibaya tena.

Akatoka mzima. Akarudi nyumbani Mkolani akishukuru kila kitu: uji, upepo wa asubuhi, hata kuku wa jirani wanaomlia mchicha. Kuandika tu ndiko kulikokataa. Alikaa mbele ya karatasi na karatasi ikabaki nyeupe, kwa sababu hakuwa na hasira na mtu yeyote.

Mpaka lilipopotea gauni.

Siku hiyohiyo alianza riwaya ya mume anayesubiri mkewe afe. Aliona haya, maana ahadi yake kwa Mungu ilikuwa bado mbichi, lakini kalamu ilikimbia, na raha ile alikuwa ameikosa mno. Akaendelea kuandika, na kuchunguza.

Na cha kuchunguza hakikukosekana. Mashimba, mtu wa kuzienzi nywele zake, alikuja kumtoa hospitali akiwa kipara. Anaficha mvi, Wilhelmina akaandika, na mke wa siku nyingi hafichwi mvi. Kila Jumamosi mwanamume huyo alikwenda Misungwi kuangalia ng'ombe. Alirudi jioni macho mekundu, magoti ya suruali yamejaa udongo. Pombe, akaandika Wilhelmina. Pombe na ujenzi.

Habari ya ujenzi aliipata kwa Odeta, jirani yake, aliyemletea sato wa kumpa pole. Odeta hakutaka kusema, lakini alisema. Wakati Wilhelmina yuko mahututi, yeye alimwona Mashimba akipakia mifuko ya saruji kwenye gari, mbiombio, hata salamu hakuitikia. Alipobanwa zaidi akasimama na kukunja kitambaa chake.

"Mengine muulize mwenyewe," akasema.

Wilhelmina hakuuliza. Aliomba tu aende Misungwi akamsalimie mama mkwe. Mashimba akakataa. Akasema wasubiri mvua zianze.

"Salamu na mvua vinahusiana nini?"

"Niamini, mke wangu," Mashimba akasema, na macho yake yakaenda chini.

Usiku ule Wilhelmina hakupata usingizi. Alikuwa anampenda yule mwanamume, huo ndio ukweli, na kwenye riwaya alikuwa ameshindwa kumpa hata sura mbaya. Kama kulikuwa na mwanamke Misungwi, basi yeye alikuwa amenusurika kufa ili aje kufukuzwa. Hilo lilimtisha kuliko figo.

Jumamosi alimwacha mumewe atangulie, kisha naye akapanda gari la Misungwi. Bodaboda ikamshusha kwenye boma la wakwe zake.

Uani palikuwa na mwanamke kijana anafagia, na alikuwa amevaa gauni la bluu. Lilimkaa vizuri, na hilo ndilo lililouma zaidi.

Yule kijana akainua uso. Ufagio ukamponyoka. Akapiga magoti palepale vumbini.

"Shikamoo, dada Wilhelmina."

"Marahaba. Umenijuaje?"

"Kwenye picha." Akasema yeye ni Sabina, mke wa Ngosha. Ngosha alikuwa mdogo wake Mashimba, na kweli alioa wakati Wilhelmina amelazwa. Gauni na vitenge alipewa na mama mkwe.

Wilhelmina akapoa kidogo, lakini kidogo tu. Mke wa shemeji au si mke wa shemeji, mbona anatetemeka? Akamuuliza Mashimba yuko wapi. Sabina akatupa jicho nyuma ya nyumba, kisha akasema haraka kwamba wazee wamekataza, dada asifike kule kabla mvua haijapaosha. Wilhelmina alikuwa ameshaondoka.

Nyuma ya nyumba, penye makaburi ya ukoo, Mashimba alikuwa amepiga magoti, amempa mgongo, kofia mkononi. Aliongea kwa sauti ya chini, akifuta machozi, na mara moja hata alicheka. Mbele yake palikuwa na kaburi jipya la saruji. Juu yake palikuwa na jina lililochorwa kwa kidole kabla saruji haijakauka. Wilhelmina alisogea akalisoma. Lilikuwa jina lake.

Sabina alimfikia, akamshika mkono.

"Usiku tulipigiwa simu na hospitali kwamba umefariki, dada," akanong'ona. "Asubuhi shemeji akaenda kukuchukua, wakamwonyesha maiti ya mwanamke mwingine. Wewe uko kitandani, unapumua. Lakini huku kaburi lilikuwa limeshachimbwa, na kaburi likishachimbwa halifukiwi tupu. Tukazika, tukalia, tukanyoa nywele, tukagawa nguo. Kila Jumamosi anakuja kumshukuru aliyeingia humo badala yako."

"Nani?"

"Shina la mgomba, dada."