Marahaba ya Bi Mwanakheri

Kila asubuhi kisanduku cha ukutani kiliwauliza wenye nyumba kama wanaunga mkono jeshi kuivamia nchi jirani. Kunyamaza hakukuwa kosa, ila nyumba iliyokubali ilitoa askari. Bi Mwanakheri, mwenye mwana mmoja tu, Sudi, alikuwa kanyamaza siku kumi na moja, kinywa kakitia kufuli.

Leo, akichuja chai, akasikia sauti ya kitoto nyuma yake: "Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu," ikamtoka kabla hajageuka.

Hapakuwa na mtoto; kisanduku ndicho kilichoamkia, nacho kikawaka kijani. "Serikali imepokea marahaba yako. Ahsante kwa kukubali."

Chujio likamponyoka. Sudi akatoka chumbani akipiga miayo.

"Shikamoo, mama."

Bi Mwanakheri akauma midomo, asiitikie.