Maiti Aliyepepesa Jicho

Chande alizidharau filamu za kutisha alizozipenda. Kila Jumapili alasiri, kwenye banda la video, aliwaonyesha watu wapi damu ni rangi tu na wapi zimwi limesahau kuvua saa. Kichekesho chake kikuu kilikuwa kwenye mkanda wa zamani uliopigwa mjini humo humo: msichana kalazwa jenezani, mara anapepesa jicho. Hapo Chande huipa skrini mgongo, akawaongoza watazamaji kupiga kelele: “Maiti kapepesa!”

Leo alikoleza. “Hata kufa kumemshinda, mjinga yule!”

“Sikupepesa, mwanangu,” alisema mama mmoja aliyeketi nyuma, kikapu mapajani. “Mwongozaji aliniambia nisipumue. Hakuniambia nisilie.”

Watu waliangua kicheko, kisha wakamtazama usoni, wakamtambua: ndiye yule msichana wa jenezani.

“Machozi yako wapi?” Chande alibeua midomo, akaurudisha mkanda nyuma. Kwa mara ya kwanza katika miaka yote hiyo, akabaki ameikabili skrini.

Kope hazikucheza. Tone moja lilichuruzika polepole kutoka pembeni mwa jicho kuelekea sikioni, na nyuma yake banda zima lilikuwa likimsubiri yeye aanze kupiga kelele.