Bangili ya Kijani

Siku hizo, mtu aliyetaka kuacha tabia mbaya alivishwa bangili. Maumivu ya kukua yaliiwasha kijani, yale ya madhara yaliiwasha nyekundu, nayo ikaita askari. Ikiwaka kijani, sheria ilimkataza yeyote kumfariji aliyeivaa.

Bakari alivishwa ili aache hasira. Mwanzoni alilia, akatukana, akapiga meza ngumi, kisha akaja kumwomba radhi mkewe, Mwanahawa. Maumivu hayo Mwanahawa aliyaelewa. Ila mwezi huu Bakari hakulia hata kidogo, na utulivu huo ndio uliomnyima mkewe raha.

Asubuhi ya Idi, Bakari alikuwa akichoma chapati, akizigeuza kwa vidole kama kawaida yake. Mwanahawa akasikia harufu isiyo ya unga. Kiganja cha mumewe kilikuwa kimelala juu ya kikaango.

"Baba Nasra! Mkono!"

"Tulia, mke wangu. Tazama, kijani."

"Kijani gani? Unaungua, mwanamume wewe!"

"Zamani ningekitupa kikaango ukutani. Sasa navumilia. Huoni ninavyokua?"

Mwanahawa akamrukia, akamvuta hadi bombani, akaufungulia maji ule mkono. Papo hapo bangili ikawaka nyekundu, ikaanza kupiga king'ora mtaa mzima usikie.

"Umenidhuru," Bakari alisema, kwa upole ambao hakuwahi kuwa nao. "Niachie, tafadhali."

Vishindo vya miguu vikasikika ngazini. Mwanahawa akaubana mkono kwa nguvu zaidi, akimsihi mumewe amtukane, walau tusi moja tu.